Uanagenzi Usio na Mwenyewe: Njia ya Kuwa Mwanasaikolojia Nchini Kenya

Mwanafunzi aliyepata alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE anaweza kuomba nafasi ya kusomea saikolojia kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, na akiikosa huko, vyuo vikuu vya kibinafsi vinamngoja kwa mikono miwili. Akizifikisha habari hizo nyumbani, wazazi huwa na maswali mawili: kazi iko wapi, na kwa nini basi asisomee udaktari moja kwa moja? Yote mawili ni ya haki. Lipo la tatu ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ndilo linaloamua kama kijana huyo atakuja kuwa mtaalamu au atabaki na cheti ukutani: akishamaliza chuo, nani atakaa naye anapojifunza kumhudumia mtu aliyelemewa, na muda huo utalipwa na nani?

Kenya ina sheria ya taaluma hii tangu 2014. Ina vyuo, ina wahadhiri, ina wanafunzi tele. Pengo liko katikati, baina ya siku ya mahafali na siku ya leseni, na ndilo ninalotaka kulichambua hapa, kwa sababu mijadala mingi kuhusu uhaba wa wanasaikolojia hulipita kama halipo.

Kwanza tuwatenganishe watu ambao vipindi vya redio huwachanganya kila asubuhi. Daktari wa magonjwa ya akili alisomea udaktari wa kawaida, akafanya kazi wodini, kisha akarudi chuo kubobea. Yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hakupitia udaktari. Kazi yake ni kupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu: mtoto haelewi masomo, ni yeye wa kutafuta kama tatizo liko kwenye kusikia, kwenye uwezo wa kukumbuka au kwenye ugomvi wa nyumbani; mama hawezi tena kupanda matatu baada ya ajali, ni yeye wa kumrejesha barabarani hatua kwa hatua. Mshauri nasaha naye hushughulika zaidi na mizigo ya maisha: msiba, ndoa, ulevi, matokeo ya kipimo cha damu. Wapo pia wanasaikolojia wasiomwona mgonjwa hata mmoja, wanaopanga usaili wa kazi kwenye makampuni au kufanya utafiti. Kwenye karatasi mipaka hii ni safi. Katika hospitali nyingi za kaunti, ambako mtu wa mambo ya akili ni mmoja na mara nyingi ni muuguzi, mtu huyo hufanya yote.

Haja ilitangulia taaluma

Ukitaka kujua kwa nini sheria ya Kenya imewaweka washauri na wanasaikolojia katika chungu kimoja, itazame miaka mitatu au minne ya mwisho wa karne iliyopita na mwanzo wa hii.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 walikufa hapo na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha waliyoyasogelea kuona kulikoni. Madaktari walishona majeraha. Kisha wakaanza kurudi watu ambao majeraha yao yalikwisha kupona, ila hawalali, hawawezi kuingia kwenye jengo la ghorofa, mlango ukibamizwa wanalia. Wataalamu waliokuwepo, daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga akiwa mmojawapo, walikuwa wachache mno kwa umati ule. Washauri walitafutwa kila mahali, wengine wakafunzwa kazi ikiwa tayari imeanza.

Mwaka uliofuata Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na kuanzia 2001 vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, VCT, vikaenea nchini. Kila kituo kilihitaji mtu wa kuzungumza na anayepimwa, kabla na baada ya majibu. Hapakuwa na muda wa kungoja shahada za miaka minne. Watu wakapewa mafunzo ya wiki kadhaa, wakakalishwa vyumbani, na kwa kweli wengi waliifanya kazi ile vizuri. Kizazi hicho cha VCT ndicho kilichowazoesha Wakenya wa kawaida wazo kwamba unaweza kumweleza mtu usiyemjua siri yako, naye asiitoe nje.

Mwaka huo huo wa 2001 viboko vilipigwa marufuku shuleni. Mnamo Machi wavulana 67 walikuwa wamekufa katika moto uliowashwa na wenzao bwenini, shule ya Kyanguli huko Machakos. Serikali ikasisitiza idara za ushauri katika kila shule. Kilichotokea katika shule nyingi ni kwamba mwalimu wa dini (CRE) au wa Kiswahili aliitwa ofisini na kuambiwa kuanzia leo wewe ndiye mwalimu mshauri, bila kupunguziwa kipindi hata kimoja.

Kwa hiyo sheria ilipofika, iliwakuta maelfu ya watu kazini na vyeti vya kila aina: vya wiki sita, vya stashahada, vya shahada, vya uzamili kutoka Nairobi au ng'ambo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, nambari 14 ya 2014, ikaunda bodi moja ya kuwasajili, kuwapa leseni, kusimamia mafunzo yao na kuwaadhibu wakikosa, na ikafanya kutoa huduma bila kusajiliwa kuwa kosa. Naona ulikuwa uamuzi wa busara. Kuwafukuza washauri wa VCT na walimu washauri kungeiacha nchi mikono mitupu. Lakini uamuzi huo uliacha jambo moja likielea: mtu wa nje, anayesikia tu kwamba huyu "amesajiliwa", hawezi kujua kwa urahisi amesajiliwa kama nani.

Kutunga sheria ni jambo moja, kuisimamisha bodi ikawa na ofisi, fedha na meno ni jingine, na hilo la pili lilikwenda kwa mwendo wa kobe. Huku bodi ikijikongoja, mahitaji hayakusubiri. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Daktari Njenga lilitoa ripoti yake 2020 na kupendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho makubwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na katiba. Mtu aliyekuwa akipelekwa kituo cha polisi sasa anapaswa kupelekwa kwa mhudumu wa afya ya akili. Huyo mhudumu ndiye anayekosekana.

Darasani

Shahada ya kwanza ya saikolojia nchini Kenya huchukua miaka minne. Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Daystar na USIU ni miongoni mwa vinavyojulikana zaidi. Wengi huingia wakitarajia kufunzwa kusoma mawazo ya watu. Muhula wa kwanza wanakutana na takwimu. Wanajifunza kwamba Mjerumani Wundt alifungua maabara kule Leipzig mwaka 1879, wanajifunza sehemu za ubongo, makuzi ya mtoto, tabia za makundi, maradhi ya akili na namna yanavyoainishwa, jinsi ya kuunda hojaji, na hesabu, tena hesabu. Wanaolalamikia takwimu ninawaelewa, ila siwaungi mkono. Anayeambiwa na mgonjwa kwamba fulani aliponywa kwa maji ya baraka, na fulani kwa tembe za kifurushi cha kijani, hana silaha nyingine ya kupambanua isipokuwa kujua ushahidi ni nini.

Jambo ambalo vyuo havilisemi kwa sauti siku ya kupokea karo ni kwamba shahada hiyo ya kwanza haimtoi mtu akiwa mwanasaikolojia tiba. Inamtoa akiwa amesoma saikolojia. Anaweza kwenda kwenye ofisi za rasilimali watu, mashirika ya watoto, utafiti wa soko, programu za wakimbizi, na wengi huko ndiko wanakokwenda, wakafanya kazi nzuri. Hilo si kosa. Kosa ni kumwacha mzazi wa Voi aamini kwamba binti yake akivaa joho atafungua kliniki.

Anayetaka kukaa na wagonjwa huendelea na uzamili, kwa kawaida miaka miwili au zaidi. Uzamili wa saikolojia tiba wa Chuo Kikuu cha Nairobi uko chini ya idara ya magonjwa ya akili, hivyo wanafunzi wake huingia wodini mapema na kuzoea kufanya kazi na madaktari na wauguzi. USIU na Daystar zimejijengea jina katika saikolojia tiba na unasihi hadi ngazi ya uzamivu. Ada za uzamili, hasa vyuo vya kibinafsi, ni mzigo ambao familia nyingi hukopa kuubeba, na wanafunzi wengi husoma jioni baada ya kazi ya mchana. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: wengi wa wanaomaliza ni watu wa Nairobi, wenye ajira tayari. Kijana wa Garissa au Kwale aliyeongoza darasa lake hana njia rahisi ya kufika hapo.

Saa moja ya kila wiki

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu hajifunzi kazi hii kwa kusoma kitabu wala kwa kumwona mgonjwa peke yake. Hujifunza kwa kumwona mgonjwa kisha kukaa na aliyetangulia, saa moja kila wiki, na kurudia pamoja kila kilichosemwa.

Chukua mfano wa kawaida. Mwanagenzi ametumwa wodini kwa mama aliyejifungua mtoto mfu. Amekaa naye dakika arobaini. Kesho yake anafika kwa msimamizi akiwa na maelezo ya kurasa mbili, yamenyooka, hayana kosa. Msimamizi anasoma, anaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika ulimwambia atapata mwingine."

"Ndiyo, Daktari. Alikuwa analia sana."

"Alinyamaza?"

"Alinyamaza."

"Na baada ya hapo akasema nini tena?"

Kijana anapekua karatasi. Baada ya hapo mama hakusema kitu. Mazungumzo yaliendelea dakika ishirini zaidi na yote yamejaa sauti ya mwanagenzi. "Sasa niambie," msimamizi anauliza, "yale maneno uliyamwambia yeye, au uliyajiambia wewe ili usimwone akilia?"

Hakuna mtihani wa chuo unaoweza kuuliza swali hilo. Na hakuna atakayelijibu vizuri mara ya kwanza. Ndiyo maana kila nchi iliyoipanga taaluma hii kwa makini imeweka kipindi cha lazima cha kufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya leseni kamili, na ndiyo maana ninasema uhaba wa wanasaikolojia Kenya ni uhaba wa wasimamizi kabla haujawa uhaba wa wanafunzi. Chuo kinaweza kupokea wanafunzi mia kwa kuongeza viti. Msimamizi mmoja hawezi kusikiliza wanagenzi mia. Akizidisha watano au sita, anaanza kutia sahihi fomu bila kuuliza.

Na mara nyingi ndivyo inavyokwenda. Mwanafunzi wa uzamili hupewa barua na kuambiwa akatafute mwenyewe pa kufanyia mazoezi. Anabisha hodi hospitalini, anapokelewa kwa sababu ni mikono ya bure, anapewa kona ya chumba cha kuhifadhia mafaili. Halipwi. Mahali pengine yeye ndiye anayelipa. Msimamizi naye halipwi kwa kazi hiyo, anaifanya kwa moyo baina ya wagonjwa wake. Mwenye uwezo wa kuishi mwaka mzima bila mshahara humaliza. Asiyeweza hutafuta kazi ya kuuza bima, na nchi hupoteza mtu iliyemsomesha kwa miaka sita.

Linganisha na upande wa pili wa ukumbi. Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo ukadumu siku 56. Kiini chake kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa Sh70,000. Mtu anaweza kubishana na upande wowote kwenye ugomvi ule. Jambo moja halina ubishi: mwanagenzi wa udaktari ana nafasi inayotambuliwa na Wizara ya Afya, ana hospitali anayopangiwa, na ana mshahara unaofaa kugombaniwa. Mwanagenzi wa saikolojia hana hata cha kugomea.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi yetu katika hili, ingawa kwa gharama zake. Huko mtu husoma shahada ya miaka mitatu, mwaka wa honours, kisha uzamili unaoingiza ndani yake mwaka mzima wa uanagenzi. Anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba huongeza mwaka wa utumishi wa umma, ulioanza kuwa wa lazima 2003, ndipo baraza la wataalamu wa afya, HPCSA, limruhusu kujitegemea. Miaka saba kwa uchache. Mlango wenyewe ni mwembamba: mamia huomba uzamili wa saikolojia tiba katika chuo kimoja, na wanaochukuliwa huwa kumi au zaidi kidogo. Sababu ya wembamba huo ni ile ile, idadi ya wanaoweza kusimamiwa.

Historia ya nchi hiyo inaonyesha pia kwamba anayeshika ufunguo wa uanagenzi ndiye anayeamua taaluma ni ya nani. Chabani Manganyi, anayetajwa kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kufuzu saikolojia tiba Afrika Kusini, alikuwa na masomo yote. Hakuruhusiwa kufanya uanagenzi katika hospitali za wazungu, maana ingelazimu awahudumie wagonjwa wazungu. Alifanyia Baragwanath, Soweto, katika idara ya upasuaji wa ubongo. Darasa lilimkubali, wodi ikamkataa. Sisi hatuna ubaguzi wa kisheria, lakini mwaka mmoja bila mshahara nao huchuja watu, na wanaochujwa ni wale wale kila mara.

Uingereza hutoa sura nyingine. Anayesomea shahada ya udaktari wa saikolojia tiba, miaka mitatu, kwa kawaida huajiriwa na huduma ya afya ya taifa na kulipwa anapojifunza. Tangu Julai 2009 majina kama mwanasaikolojia tiba na mwanasaikolojia wa elimu yamelindwa kisheria huko. La kuchekesha ni kwamba neno mwanasaikolojia likisimama peke yake halikulindwa, kwa hiyo hata London mtu anaweza kujiita hivyo kwenye kibao. Australia wao wamelifunga hata hilo. Msomaji aliye ughaibuni anayefikiria kurudi shule na ayaangalie mambo haya kabla ya kujiandikisha, kwa sababu shahada ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala haihami na leseni yake.

Je, njia fupi haitoshi?

Ipo hoja nzito dhidi ya yote niliyoyasema, na siwezi kuizunguka. Kama watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi wanaweza kuwasaidia wenye huzuni na hofu, kwa nini tungoje miaka saba?

Ushahidi wa hoja hiyo umetoka hapa hapa. Shirika la Afya Duniani lilijaribu Nairobi mpango wa vikao vitano ulioendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii, kwa wanawake 518 waliokuwa na msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Matokeo yalichapishwa 2017: waliopitia vikao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake, lilitumia vijana waliotoka tu shule ya upili kuongoza vikao vinne na wanafunzi wa sekondari. Utafiti wao wa 2021 ulionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua kuliko kwa wanafunzi waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Zimbabwe nako akina nyanya wa Friendship Bench, mpango wa Daktari Dixon Chibanda, wamekaa na maelfu kwenye mabenchi nje ya zahanati.

Naukubali ushahidi huu bila kinyongo. Ila ukiisoma miradi hiyo kwa makini, utaona kila mmoja una mtu nyuma ya pazia. Mhudumu wa jamii ana mkutano wa kila wiki na anayemsikiliza. Kijana wa Shamiri akigundua mwanafunzi anataka kujiua, kuna ngazi ya kumpandisha hadi kwa mtaalamu. Ondoa mtaalamu huyo, na kilichobaki ni watu wema wenye karatasi ya maelekezo. Kwa hiyo njia fupi haiiondoi ile ndefu, inaifanya ihitajike kwa kazi tofauti: mwanasaikolojia mmoja wa kaunti ndogo atumie nusu ya wiki yake kusimamia wahudumu ishirini, si kumwona kila mgonjwa yeye mwenyewe. Vyuo vyetu bado vinafundisha kana kwamba kila mhitimu atakaa ofisini na kiti cha ngozi.

Vivyo hivyo kwa mchungaji, shehe na mzee wa ukoo, ambao ndio wanaopokea wengi kabla ya yeyote mwenye leseni. Bodi ikiwafukuza itapoteza muda. Ikiwafunza kutambua siku ambayo maombi yanahitaji kusindikizwa hospitalini, itaokoa watu.

Vipimo vya nani?

Kuna sehemu ya njia hii ambayo wanafunzi huiona ya kuchosha, nami naiona ya kusisimua kuliko zote: vipimo. Mwanasaikolojia anatofautiana na mshauri kwa sababu anaruhusiwa kupima akili, kumbukumbu, makuzi, kisha kuandika ripoti inayoweza kumbadilishia mtoto shule au mshtakiwa hukumu. Vipimo vingi vilitengenezwa Marekani na Ulaya, kwa watoto waliokua na vitabu vya picha na penseli. Ukimpa mtoto wa Ganze ambaye hajawahi kushika penseli, utapima umaskini wa nyumbani kwao na kuuita upungufu wa akili.

Kenya ina sababu ya pekee ya kuwa na tahadhari. J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, akiwa ameichukua kazi hiyo bila mafunzo ya magonjwa ya akili. Baadaye aliandika, kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, kitabu kilichomfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtumia kueleza "saikolojia" ya Mau Mau, hivyo madai ya ardhi na uhuru yakageuzwa dalili za ugonjwa. Kila mwanafunzi wa saikolojia Kenya angepaswa kumsoma Carothers mwaka wa kwanza, ajue taaluma hii inaweza kufanya nini ikikosa adabu.

Na amsome pia Profesa Amina Abubakar. Yeye na wenzake katika kituo cha utafiti cha Kilifi walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kwa vifaa vinavyopatikana kijijini na kwa lugha ambazo watoto wale wanazisikia nyumbani, wakakijaribu kwa watoto wa hapo hapo mpaka wakajua mtoto wa kawaida wa Kilifi hufanya nini katika umri gani. Kipimo hicho kimetumika baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Kazi ya namna hiyo huchukua miaka, na inahitaji watu waliofunzwa takwimu zile zile ambazo wanafunzi hukimbia.

Lugha inaingia hapa pia. Mafunzo yote ni kwa Kiingereza, ripoti ni Kiingereza, usimamizi ni Kiingereza. Mgonjwa wa Likoni analia kwa Kiswahili. Mwanagenzi akitafsiri kichwani maneno ya mgonjwa ili amripotie msimamizi, nusu ya kilichosemwa humwagika njiani. Sioni sababu ya saa ile ya usimamizi kutofanyika kwa Kiswahili pale ambapo mgonjwa alizungumza Kiswahili.

Majirani nao wana ya kutufunza. Rwanda, miaka michache tu baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza kufundisha saikolojia tiba katika chuo kikuu chake cha Butare tangu shahada ya kwanza, kwa sababu haikuwa na anasa ya kungoja uzamili, na leo leseni hutolewa na baraza linalosimamia taaluma shirikishi za afya. Tanzania ina uzamili wa saikolojia tiba pale Muhimbili, na ina Mirembe, hospitali kongwe ya magonjwa ya akili huko Dodoma. Lakini sehemu kubwa ya unasihi wa kila siku huko imo mikononi mwa maafisa ustawi wa jamii, walio karibu na wananchi na ambao mpango wowote wa usimamizi ungefaa uanze nao.

Kwa Kenya, hatua ya kwanza si ya kutungiwa sheria mpya. Wizara ya Afya na kaunti ziweke nafasi za uanagenzi wa saikolojia kwenye bajeti, hata kama ni mbili kwa kila hospitali ya rufaa, zenye posho ya mtu kuishi. Wasimamizi nao walipwe kwa saa zao. Kaunti 47 zikiwa na wanagenzi wawili wawili, hao ni watu 94 kwa mwaka wanaojifunza kazi nje ya vyumba vya mafaili, wengi wao nje ya Nairobi.

Na kwako unayejaza fomu mwaka huu, au unayemlipia mtoto: kabla ya kutuma hela, kiulize chuo maswali matatu kwa maandishi. Je, kozi hii inatambuliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na kwa usajili wa ngazi gani? Mazoezi ya vitendo yatafanyika wapi, na nani huyatafuta, chuo au mwanafunzi? Msimamizi ni nani, na ana wanafunzi wangapi? Chuo kisichoweza kulijibu lile la tatu, kitafutie mbadala.